Jina Nililoazima Nakonde

Bwana asifiwe, kina mama. Na ninyi ndugu zangu Waislamu mliopanda kutoka bondeni Momba, mkawaachia wengine ng'ombe ili mkae nasi hapa Nanyala, asalaam aleikum. Asanteni. Mwenyekiti amenipa dakika kumi na tano na naona ameshaanza kutazama saa. Mwenyekiti, mimi ni muuza mchele wa sokoni Tunduma, unanijua, nikishaanza sina breki. Tuvumiliane.

Sitataja jina la mtu hapa. Mtanisikia nikisema mdogo wangu, mkwe wangu, shemeji yangu, basi. Jina moja tu nitalitaja, tena mwishoni, na mkishanisikiliza mtajua kwa nini.

Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Mume wangu alishafariki. Damu yangu ikaanza kuja ovyo. Inakuja wiki hii, inakata siku tatu, inarudi. Nikajiambia ni umri, hedhi inaaga. Nani hapa hajawahi kujiambia hivyo? Nikawa navaa vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, na sokoni nakaa juu ya gunia tupu ili nikiinuka nilikunje mwenyewe kabla mtu hajaona. Baadaye ikaja harufu. Hapo nikaacha kwaya. Nikawaambia wenzangu koo linauma, kumbe nilikuwa nakwepa kusimama katikati ya watu. Miezi minne nilisema koo linauma, jamani.

Mtaniuliza, mama, hospitali hukuiona? Niliiona! Kituo cha afya kipo, nakifikia kwa miguu. Kipimo cha mlango wa kizazi, hiki cha siki, kipo. Tena nisikilizeni vizuri hapa: mimi ndiye niliyekuwa nahamasisha. Nilisimama mbele ya kina mama kanisani kwetu na daftari, nikaandika majina, nikawapeleka wenzangu kumi na moja wakapimwe. Mimi nikabaki nje kwenye benchi nimewashikia mabegi. Mwenzangu mmoja akatoka akaniuliza, "Na wewe mama?" Nikamwambia, "Mimi nilishapima zamani." Uongo mtupu.

Sababu ni hii. Muuguzi anayepima pale ni mkwe wangu, mke wa mwanangu wa kwanza.

Naam, nasikia mnaguna. Kwetu Wanamwanga, na ninyi Wanyiha najua hamko mbali, mkwe ni mtu wa heshima. Yule binti tangu aolewe ananisalimia amepiga goti. Mimi mwenyewe sianiki nguo yangu ya ndani mahali atakapopita. Leo nipande kitandani, nipanue miguu, na yeye ndiye ameshika taa? Weee! Halafu Jumapili aje kunipakulia ugali, tunatazamana vipi? Mnacheka. Haya, mwenye mkwe muuguzi ambaye angepanda kile kitanda anyooshe mkono. Mmeona? Hakuna hata mmoja.

Basi nikapata akili, akili yenyewe ya mpakani. Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ameolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Tumefanana sana, watu wanadhani tumenyonya ziwa moja. Na sisi watu wa mpakani, wenzangu wa Tunduma mtanisaidia kusema, tuna tabia ya kuazimana majina. Laini ya simu anayoitumia akivuka huku imesajiliwa kwa jina langu. Watoto wa kaka yangu wamesoma shule ng'ambo kwa jina la ukoo wa shangazi. Hatuoni kosa, ni ndugu, jina linabaki nyumbani. Nikamwambia, mdogo wangu, niazime kitabu chako cha kliniki. Maana niliogopa nikijiandikisha kwa langu, waganga na wauguzi wa pande mbili wanafahamiana, habari itavuka ifike kwa mkwe wangu. Hakuuliza mara mbili. Alinipa kitabu na kitenge chake cha kuvaa siku hiyo.

Nikaenda. Muuguzi wa kule akaangalia kitabu, akaniangalia mimi. Kitabu kinasema miaka thelathini na saba. Akasema, "Bamayo," yaani mama, "maisha yamekuchosha." Nikamwambia kwa heshima ya kwao, "Mukwai, biashara ya mchele." Tukacheka wote. Akanipima. Alipopaka ile siki akaacha kucheka. Akakata kinyama kidogo, akasema kinapelekwa maabara, nirudi majibu yakifika. Nikamrudishia mdogo wangu kitabu chake na kitenge chake, nikavuka nikaendelea kuuza mchele.

Nilirudi kuchukua majibu? Sikurudi. Damu ilipungua kidogo, nikasema nimepona. Mtu akitaka kudanganywa, ni rahisi sana kujidanganya mwenyewe.

Majibu yakafika. Kule wana kina mama wa kujitolea wanaozungukia nyumba. Mmoja akaenda kumtafuta mwenye jina. Hakusema ugonjwa, alisema tu anatakiwa kliniki mapema. Shemeji yangu, mwanamume mwema kabisa, akampakia mkewe kwenye baiskeli akampeleka mwenyewe. Wakakalishwa wote wawili, wakaambiwa taratibu: ni saratani ya mlango wa kizazi.

Na mdogo wangu alinyamaza. Nitarudia. Alijua ule ugonjwa si wake, alijua ni wa nani, akamtazama mumewe analia, akanyamaza. Kwa sababu mimi ni dada yake mkubwa, na siri ilikuwa yangu. Alisubiri niiseme mwenyewe.

Akanipigia siku ile ile. "Dada, majibu yametoka, ni mabaya. Njoo useme." Nikamwambia nitakuja. Ndugu zangu, nawaambia, hilo neno nililisema siku kumi na saba. Nitakuja. Nitakuja, mzigo ukishashuka. Nitakuja Jumamosi. Mwishowe nikiona namba yake nalaza simu kifudifudi juu ya mchele mpaka inyamaze.

Watu wakitoa ushuhuda husema walianguka walipougua. Mimi kuugua hakukuniangusha. Nilianguka katika hizo siku kumi na saba, na sitaki mnisaidie kuzipunguza. Nilikuwa naogopa mkwe, ndiyo, lakini kulikuwa na kingine. Ule ugonjwa ulikuwa umeandikwa kwenye kitabu cha mwenzangu. Maadamu uko kule, mimi ni mzima. Nikisema ni wangu, nitakuwa mgonjwa kweli. Nilimwachia mdogo wangu aubebe ili mimi niendelee kuwa mzima, na niliona aibu, lakini aibu haikunitoa kwenye kiti.

Kule kwake mambo yalikuwa yanaharibika. Wifi zake walimtengea kikombe chake peke yake. Mama mkwe wake akaanza kusema mwanaye bado kijana, ana mtoto mmoja tu, na huyu mwanamke hatazaa tena. Halafu ikaja barua ya kwenda Lusaka, kwamba huenda akafanyiwa upasuaji atolewe kizazi. Sasa najua kule wangempima upya kabla ya kumgusa, huenda wangegundua. Wakati ule sikujua, na yeye hakujua. Alijua ana barua tu, na ukoo mzima wa mumewe unamsukuma apande basi Alhamisi.

Jumatatu akaja sokoni. Nilikuwa nampimia mteja mchele. Nikamwona anakuja, nikainamisha kichwa nikajifanya nahesabu debe. Akasubiri mpaka mteja akaondoka. Hakunitukana. Ningependa angenitukana! Akasema, "Shikamoo dada," kama kawaida. Akatoa barua, akaiweka juu ya mchele.

"Dada, wanasema watatoa kizazi. Mimi nataka mtoto mwingine, unajua."

"Si useme tu kitabu uliniazima?" Ndivyo nilivyomjibu, kina mama. Mdomo huu huu.

Akaniangalia. "Nikisema mimi, watasema naogopa kisu, natunga uongo. Na wewe utakataa?"

Hata mimi sikujua kama ningekataa au nisingekataa. Akajifunga kitenge vizuri akasema, "Alhamisi asubuhi basi linaondoka," akaenda zake. Barua akaiacha pale juu ya mchele. Mteja mwingine akaja akauliza bei, nikamwambia sijui. Mimi, sijui bei ya mchele! Ndipo nikafunga banda, saa nane mchana, nikaenda kwa mkwe wangu.

Nilimkuta nyumbani anachambua maharage. Akapiga goti, "Shikamoo mama." Sikumwitikia. Nikavuta kigoda nikakaa karibu naye, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikampa barua. Akaisoma. Ni muuguzi, akaielewa haraka. Akaniuliza, "Mama, pole sana. Huyu mgonjwa ni nani?"

Nikasema, "Ni mimi."

Nilidhani atapiga kelele, au ataanza kunihubiria. Akaweka ungo chini. "Damu ilianza lini?" Nikamwambia. "Inatoka hata ukibeba mzigo? Kiuno kinauma? Mkojo unatoka sawasawa?" Nikamjibu hili, nikamjibu lile, kama mtu na muuguzi wake. Halafu nikaangua kilio, nikalia mpaka kamasi. Yule binti akanifuta uso kwa kanga yake, na mimi nikamwacha anifute.

Kesho yake mimi na mkwe wangu tukavuka mpaka Nakonde, tukampitia mdogo wangu, tukaenda kliniki. Muuguzi yule aliniona, akamwona mdogo wangu amekaa pembeni yangu, akaelewa kabla sijafungua mdomo. Alikasirika! Na alikuwa na haki. "Bamayo, mngemuua mtu. Nani kati yenu ningemwambia samahani?" Nikapokea. Akampima mdogo wangu pale pale, akamkuta mzima. Akachukua kitabu, akapiga mstari kwenye ule ukurasa, akaniambia nitaje jina langu kamili, akaliandika juu. Kisha tukaenda nyumbani kwa shemeji, nikawasimulia wote waliokuwepo, mama mkwe na wifi, neno kwa neno. Shemeji alichukua kofia yake akatoka nje. Alikaa zaidi ya mwaka bila kuitikia salamu yangu, na sikumlaumu. Sasa anaitikia, japo kwa mbali.

Ya matibabu sitayarefusha. Kabla ya safari ya hospitali kubwa nilitakiwa kupimwa tena huku kwetu. Mkwe wangu akasema, "Mama, sitakupima mimi. Atakupima mwenzangu. Lakini sitakuacha." Nikapanda kitanda. Yeye akasimama upande wa kichwa changu, uso ameuelekeza ukutani kwenye tangazo la chanjo ya watoto, mkono amenishika. Alisoma lile tangazo kwa sauti ya chini, mwanzo hadi mwisho, ili nisikie kitu kingine. Mpaka leo ratiba ya chanjo naijua kwa moyo.

Ikaonekana hatua ya pili. Nikapelekwa Dar. Mionzi siku tano za wiki, na dripu ya dawa kila wiki. Nawaambia ukweli, inachosha. Nilihara, chakula kilinuka, nilikuwa nikipanda ngazi tatu nakaa. Mkwe wangu alichukua likizo yake yote akaja kuniuguza. Na kule, siku ambazo sikuweza kusimama, ni yeye aliyeniogesha. Mwili wote. Mimi nilifumba macho, yeye anaongea habari za bei ya nyanya. Siku ya tatu nikafumbua macho. Heshima yake kwangu haikupungua hata kidogo, bado anapiga goti akinisalimia, ingawa sasa namwambia, "Inuka bwana, wewe umeshaniona nilivyo."

Nikapona. Miaka minne sasa. Narudi kuangaliwa kila ninapopangiwa, na nikipangiwa naenda.

Hii kazi ninayoifanya sasa sikuipanga. Nilikuwa kwenye benchi la kituo chetu, nimeenda kuchukua karatasi zangu. Wanaita majina. Wakaita jina moja, kimya. Wakaita tena. Mara ya tatu nikamwona mama mmoja, ametoka bondeni Momba, bangili mikononi, amekaza macho chini. Mwingine asingeelewa. Mimi nilielewa, maana nimewahi kukaa hivyo hivyo. Nikasogea nikamwambia polepole, "Mama, hilo jina ni la nani?"

Akanong'ona, "La mke mwenzangu. Kadi ni yake. Mimi sina."

Nikamshika mkono tukaenda dirishani pamoja. Nikamwambia yule kijana wa mapokezi, "Futa, andika upya, mama huyu atakutajia jina lake." Alikuwa na dalili za mwanzo, hata saratani haijawa. Wakamtibu siku ile ile kwa kugandisha sehemu ile kwa gesi ya baridi, akaondoka kwa miguu yake. Yupo hapa leo, simwonyeshi kidole, akitaka atawaambia mwenyewe.

Tangu hapo Jumanne na Alhamisi naacha banda, nakaa kwenye lile benchi. Wamenipa kiti changu, hata kimeandikwa jina langu. Namsaidia mama kuuliza maswali anayoyaogopa kwa daktari. Nasindikiza hadi Mbeya, hadi Dar. Na kila mama anayekuja nampeleka pembeni namuuliza mambo mawili. La kwanza, hili jina ni lako? La pili, humu ndani kuna mkweo, wifi yako, au mtu yeyote ambaye huwezi kumvulia nguo? Usicheke mama, wewe wa mbele, kwa kituo kimoja tu nimepata jibu la ndiyo mara nyingi. Nilikwenda kwa mganga mkuu wa kituo nikamweleza, akanisikiliza. Siku za kipimo sasa wanabadilishana, muuguzi wa kata hii anakwenda kata ile. Jambo dogo. Lakini wamekuja kina mama ambao miaka yote walikuwa wanashika mabegi ya wenzao.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mkwe wangu, ambaye sasa namwita mwanangu bila kujikaza. Nawashukuru wale wauguzi wa Dar waliokuwa wananiita bibi nikakasirika. Nawashukuru kina mama wa soko waliouza mchele wangu nilipokuwa sipo, wakanikabidhi banda langu likiwa na mchele. Yule muuguzi wa ng'ambo pia, natotela sana, hata kwa ule ukali.

Na mdogo wangu. Mtoto mwingine hajapata. Huenda akapata, huenda asipate, hiyo ni ya Mungu. Lakini kizazi chake anacho. Mwaka jana tulikuwa tunachambua mboga nyumbani kwangu, nikajikaza nikamuuliza jambo lililokuwa linanikereketa siku zote. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, Alhamisi ile, nisingekuja, ungepanda lile basi?"

Hata hakuinua macho kwenye mboga. Akasema, "Begi lilikuwa limeshafungwa, dada. Ningefanyaje?"

Nikashindwa kuendelea na ile mboga. Kwa hiyo nikiwaambia msiazime jina la mtu kupimia mwili wenu, msidhani nawaletea sheria za ofisini. Ukiona aibu, njoo na aibu yako, tutaipatia pa kukaa, tutakutafutia muuguzi asiyekufahamu, tutasimama upande wa kichwa chako tumetazama ukuta. Ila usimpe mwenzako aubebe ugonjwa wako, maana wapo watakaokubali kuubeba.

Jumanne asubuhi wapimaji watakuwa zahanati yenu hapa. Wanatoka Isansa, nimeshauliza, hakuna mkwe wa mtu. Mlangoni mtanikuta mimi na daftari, na kabla sijamwandika yeyote, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, mtakuta nimeshaandika la kwangu.

Naitwa Enelesi Nalungwe. Ule ugonjwa ulikuwa wangu.